Mbege na Bia ya Chupa

Uchagani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, pombe ya mbege huanzia kwenye sufuria la ndizi mbivu. Huchemshwa kwa saa nyingi mpaka rangi igeuke hudhurungi, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Zikishachujwa, maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Uchungu hutoka kwenye magome ya msesewe. Mpishi akizidisha, wanywaji hukunja uso.

Bia ya kiwandani nayo ina kimea, ila aghalabu cha shayiri, na uchungu wake ni wa maua ya hopsi.

Zinapoachana hasa ni kwenye chachu. Bia nyingi za chupa huchujwa hadi zing'ae, kisha hupashwa moto kuua vijidudu, ndiyo maana hukaa dukani miezi bila kubadilika. Mbege haina anasa hiyo. Chenga za ulezi huelea ndani ya kata na chachu inaendelea na kazi: leo tamu, kesho kali, siku chache mbele siki tupu. Aliyezoea lager ataiita uji uliochacha, wala hakosei sana, maana inashibisha kweli. Ila yeye haulizi bia yake kaipika nani. Mnywaji wa mbege huanza na swali hilo.