Mikaratusi ya Gucha na fumbo la mikataba ya hali ya anga

Kando ya vijito vinavyomiminika katika Mto Gucha, wakulima wengi wa Kisii na Nyamira wamepanda mikaratusi. Mti huo hukomaa upesi, na mkulima huuza nguzo, mbao na kuni za viwanda vya majanichai. Lakini hunyonya maji mengi. Mwaka wa 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi ing’olewe karibu na mito. Hata hivyo, mingi ingali imesimama.

Kiini si ukaidi. Anayeng’oa miti yake hupoteza karo ya watoto, ilhali maji yakirejea yatatekwa na wote, akiwemo jirani aliyekataa kung’oa. Basi kila mmoja humngoja mwenzake.

Mataifa nayo hungojeana vivyo hivyo. Nchi inayopunguza gesi zinazoongeza joto hubeba gharama peke yake, lakini faida huenea kote duniani. Ndiyo maana Mkataba wa Kyoto wa 1997 uliyumba: Marekani ilitia saini bila kuuidhinisha, nayo Kanada ikatangaza kujiondoa mwaka wa 2011. Mkataba wa Paris wa 2015 uliiachia kila nchi ijiwekee shabaha, bila faini kwa itakayoikosa.

Kwa hivyo, fedha ndizo kamba inayoyafunga mataifa pamoja. Mwaka wa 2020, Kenya iliahidi kupunguza gesi hizo kwa asilimia 32 kufikia 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua yoyote. Mpango wake mzima wa hali ya anga ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 62. Kenya ilijitwika asilimia 13, na kutarajia zilizosalia kutoka nje. Lakini mataifa tajiri, yaliyoahidi dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020, yalitimiza ahadi hiyo 2022, tena sehemu kubwa ya fedha za umma ikiwa mikopo. Mjini Baku mwaka wa 2024, ahadi ilipandishwa hadi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035.

Naivasha ilionyesha njia. Huko, watumiaji wa maji ya ziwa, wakiwemo wakuzaji wa maua, waliwalipa wakulima wa nyanda za juu kwa hati za kununulia pembejeo, mradi wahifadhi udongo na kingo za mito. Aliyefaidi maji alimlipa aliyeyatunza, baada ya kazi kukaguliwa.

Bila malipo ya aina hiyo, agizo la Nairobi au mkataba wa Paris utabaki karatasi tu, na mkaratusi utaendelea kunywa maji ya Gucha.