Bahari Ndani ya Sanduku la Kioo: Kwa Nini Chombo Kidogo Kinadai Uangalizi Mkubwa



Vijana wetu wengi wameona kwenye simu picha za sanduku la kioo lenye maji ya bahari, matumbawe ya rangi nyingi na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wale waliojulikana duniani kwa filamu ya mwaka 2003, Finding Nemo. Ndugu zetu walio Ulaya, Kanada na Marekani huviona vyombo hivyo madukani, na bei ya kile kidogo haiogopeshi sana. Basi mtu husema moyoni: nitaanza na kidogo, maana kidogo ni rahisi. Ukweli ni kinyume. Katika kazi hii, kadiri maji yanavyokuwa machache, ndivyo kosa dogo linavyoua haraka. Tueleze sababu zake moja baada ya nyingine, kwa sababu vilivyomo ndani ya sanduku hilo si mapambo. Ni viumbe vyenye uhai.

Kazi iliyoanza zamani

Anayefikiri kwamba jambo hili ni la jana amkumbuke Anna Thynne, mke wa mchungaji aliyehudumu katika kanisa la Westminster Abbey, London. Mwaka 1846 alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay, akayapeleka nyumbani kwake mjini, mbali na bahari. Umeme wa nyumbani haukuwapo, pampu hazikuwapo. Kila siku mtumishi wake alisimama karibu na dirisha lililo wazi, akayamimina maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine kwa zaidi ya nusu saa, ili hewa iingie. Baadaye mama huyo aliongeza mimea ya bahari, na matumbawe yake yakaishi karibu miaka mitatu.

Katika habari hiyo fupi tunaona tayari jambo lenyewe. Maji ya bahari yaliyofungwa mahali padogo hayajitunzi. Kazi ambayo bahari hufanya kwa mawimbi, mikondo na ukubwa wake, mtu lazima aifanye kwa mikono yake au kwa mashine.

Chumvi haipandi hewani

Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita. Maji yanapokauka kidogo kidogo, yanayopanda hewani ni maji matupu. Chumvi yote hubaki chini. Hebu tufanye hesabu. Sanduku la lita 40 lina chumvi ya gramu 1,400. Likipoteza lita moja kwa siku, na mwenye nyumba akasafiri siku nne, zitabaki lita 36 zenye chumvi ile ile. Sasa kila lita ina karibu gramu 39. Matumbawe na kamba wadogo hawavumilii badiliko kubwa la haraka namna hiyo.

Sasa tuchukue sanduku la lita 400. Hata likipoteza lita 10 katika siku hizo hizo, kila lita itafika karibu gramu 36 tu. Hiyo ndiyo faida ya maji mengi: yanampa mtu muda wa kuona na kurekebisha.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata sheria ya kwanza. Maji yaliyokauka yanarudishwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kila siku, tena kidogo kidogo. Wanaoanza hudhani kwamba bahari huongezewa maji ya chumvi, na kwa njia hiyo chumvi inazidi kupanda kila juma. Maji ya chumvi yanatumika tu wakati wa kubadilisha sehemu ya maji ya zamani. Wengi hubadilisha sehemu moja ya kumi kwa juma. Kwa lita 40 ni lita 4, nazo zinahitaji gramu 140 hivi za chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha, navyo ni vitu ambavyo viumbe hawa wanavihitaji.

Maji ya bomba nayo yana hatari yake. Klorini, fosfati na shaba, hata kwa kiasi kidogo kisichomdhuru mtu anayekunywa, vinaweza kuleta mwani mwingi au kuua wanyama wasio na uti wa mgongo. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu hutumia maji yaliyochujwa kabisa. Vilevile, dawa za samaki zenye shaba hazitiwi kamwe ndani ya sanduku lenye matumbawe.

Majuma ya kungoja

Wahenga walisema: haraka haraka haina baraka. Mtu akijaza maji leo na kununua samaki kesho, juma lijalo atakuwa na samaki waliokufa. Sababu ni hii. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali kama huo. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na mchanga, na wanahitaji muda wa kuongezeka, mara nyingi majuma manne hadi sita.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza katika gazeti la wafugaji wa samaki namna alivyotumia mawe yaliyotoka baharini yakiwa na viumbe vyake vidogo, yawe msaada wa kuyasafisha maji. Hadi leo mawe ndiyo msingi wa kazi hii. Katika majuma hayo ya kungoja, mwenye sanduku hupima maji na kuandika: chumvi, joto, amonia, nitriti, nitrati. Amonia na nitriti zikifika sifuri na kubaki hapo, ndipo aweza kuleta samaki mmoja, halafu angoje tena. Hapa methali nyingine inafaa: mali bila daftari hupotea bila habari.

Joto, mwanga na mifupa ya matumbawe

Tumbawe ni mnyama, si mmea wala jiwe. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo sana wanaotumia mwanga kutengeneza chakula, nao humpa tumbawe sehemu kubwa ya nguvu zake. Joto likizidi, urafiki huo huvunjika. Mwani hutoka, tumbawe hubaki jeupe, na hali ikiendelea linakufa. Katika bahari yenyewe, digrii moja au mbili juu ya joto la kawaida la msimu wa joto, zikidumu majuma kadhaa, zinatosha kuleta msiba huo. Ndani ya sanduku, joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 26. Taa yenye nguvu na chumba chenye jua vinaweza kupasha lita 40 kwa mchana mmoja tu.

Matumbawe yenye mifupa migumu hutoa kalsiamu katika maji ili yajenge. Bahari haipungukiwi, lakini sanduku hupungukiwa. Mfugaji hujaribu kushika kalsiamu katika miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Anayeanza atafanya vema kuchagua kwanza matumbawe laini, ambayo hayadai kalsiamu nyingi na huvumilia zaidi.

Siku umeme unapokatika

Kwetu jambo hili linajulikana bila maelezo. Pampu ikisimama, uso wa maji unatulia, na hewa haiingii tena. Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na maji ya moto hubeba kidogo zaidi. Katika sanduku dogo lenye samaki wengi, saa chache zinaweza kuwa za mwisho. Kwa hiyo, kabla ya kununua samaki, nunua kwanza pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Ikikosekana, chota maji kwa kikombe safi na kuyamimina tena kutoka juu, kama alivyofanya yule mtumishi wa London. Na siku hiyo usilishe samaki, maana chakula kinachooza nacho hula oksijeni.

Mahali ambapo umeme unapotea siku nzima kila juma, na hakuna betri wala sola ya kutosha, ni afadhali kutoanza. Hakuna aibu katika kusema hivyo. Afadhali kuacha kuliko kuwaleta viumbe nyumbani ili wafe.

Jihadhari na afya yako pia. Aina fulani za matumbawe laini yenye umbo la vifungo, yanayoitwa zoantidi, zina sumu kali mno inayoitwa palitoksini. Vaa mifuko ya mikono na miwani unapoyashika, wala usichemshe kamwe jiwe lililo na viumbe hao, kwa sababu mvuke wake unaweza kuwaumiza watu wote nyumbani. Nyaya za umeme nazo ziinamishwe chini kabla ya kufika kwenye soketi, ili tone la maji lianguke sakafuni.

Samaki hawa wanatoka wapi?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Philip Henry Gosse alikuwa mtaalamu wa viumbe vya bahari na pia mhubiri kati ya Ndugu wa Plymouth. Kitabu chake The Aquarium cha mwaka 1854 kiliwafanya Waingereza wengi watamani bahari nyumbani. Watu wakashuka pwani na ndoo zao. Mwaka 1907 mwanawe Edmund aliandika kwa uchungu jinsi madimbwi ya miamba yaliyokuwa yamejaa uzuri yalivyobaki matupu. Mtu mmoja akichukua kiumbe kimoja, hasara haionekani. Maelfu wakichukua, pwani inakuwa tupu.

Jambo hilo halikuisha. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wavuvi wengine walitumia sianidi kuwalevya samaki ili wawakamate, na sumu hiyo huua matumbawe. Samaki mdogo wa visiwa vya Banggai, Indonesia, aliwekwa mwaka 2007 katika orodha ya walio hatarini kutoweka, hasa kwa sababu ya biashara hii. Matumbawe yenye mifupa migumu yamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao nchi yetu nayo ni mwanachama. Hayavushwi mipaka bila kibali. Kwa hiyo muulize mwuzaji: samaki huyu alizaliwa katika bwawa la wafugaji, au alitolewa baharini? Wale wa mikanda myeupe huzaliwa kwa wafugaji kwa wingi. Hakuna sababu ya kununua aliyenaswa baharini. Lakini yule wa buluu wa filamu ile ile hukua hadi sentimita 30 hivi. Lita 40 kwake ni gereza.

Na sisi wa ziwa

Pwani yetu ya Muanda haina miamba ya matumbawe kama ile ya Kenya na Tanzania, kwa kuwa mto Congo unamimina huko maji baridi na udongo mwingi. Lakini tuna Tanganyika. Sokoni tunaijua kwa ndagala na mikebuka. Wafugaji wa Ujerumani na Marekani wanaijua kwa samaki wake wa rangi wanaoishi kwenye mawe, ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Wamo wengine wadogo kama kidole wanaoishi na kuzaa ndani ya maganda matupu ya konokono. Hao huweza kukaa vizuri katika chombo cha kiasi bila chumvi ya kununua, bila taa kali. Majuma ya kungoja, kupima maji na hewa wakati wa giza vinabaki vile vile.

Kijana anayetamani kuanza aanze kwa maswali matatu: Nani atatazama maji nikisafiri? Umeme ukikatika saa sita, nina nini mkononi? Na samaki huyu ametoka wapi? Akiwa na majibu yote matatu, atafute meza imara, kwa maana lita 40 za maji ya bahari peke yake ni kilo 41, kabla ya mawe na kioo. Akikosa hata jibu moja, asubiri. Mawe yatamngoja.