Sare ya Skauti Husomwa na Macho ya Watu

Asimamaye penye njia panda ya Ukunda, pale magari ya Diani yanapoachana na yale yaendayo Msambweni na Lunga Lunga, huona mavazi ya kila namna yakipita: kanzu na buibui, leso, suruali fupi za watalii, sare za shule. Wengi hupita bila kuulizwa neno. Avaaye sare ya skauti haachwi hivyo, bali hutazamwa.

Mzee mmoja wa Msambweni alikataa mjukuu wake wa miaka 12 asijiunge na skauti. Nilipomwuliza sababu alinijibu, "Maalim, nilimwona mmoja wao hapo Ukunda. Vifungo wazi hadi kitovuni, skafu kaifunga kichwani, muguka shavuni. Mjukuu wangu akajifunze nini kule?"

Yamkini kijana yule hakuwa skauti hata kidogo, pengine shati aliazima kwa nduguye. Lakini mzee hakumjua kijana wala babake. Alichokijua ni shati, na shati ndilo alilolihukumu. Mtoto mmoja akakosa mafunzo kwa ajili ya vifungo vya mtu mwingine.

Uskauti si mgeni wa jana nchini. Bwana Baden-Powell, Mwingereza, alifanya kambi yake ya kwanza ya majaribio mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, na kufikia 1910 uskauti ulikuwa umeingia Kenya. Yeye mwenyewe alifia Nyeri tarehe 8 Januari 1941, na huko ndiko alikozikwa. Alipenda sare kwa kuwa huficha tofauti: mwana wa tajiri na mwana wa mvuvi wakisimama safu moja hawatambulikani. Basi anayeivaa ovyo huirudisha ile tofauti iliyokusudiwa kufichwa.

Tena kila kipande kina maana yake. Itazame beji ya skauti wa dunia, ile ya zambarau yenye ua jeupe. Ncha tatu za ua ni sehemu tatu za ahadi: wajibu kwa Mungu, kwa watu, na kwa nafsi. Nyota mbili zina pembe kumi baina yao, nazo ni sheria kumi za skauti. Pembezoni huzunguka kamba, na chini yake fundo, lile ambalo mabaharia hulitumia kufungia tanga lililokunjwa. Kadiri livutwavyo ndivyo likazavyo, ila mjuzi hulifungua mara moja. (Sisi watunzi wa mashairi tungefurahi kupata vina vya namna hiyo.) Na skafu, ambayo yule kijana aliigeuza kilemba, ni kitambaa cha kazi. Hufunga jeraha, hutundika mkono uliovunjika. Ikiwa chafu, hiyo huduma ya kwanza itatolewa kwa nini?

Liko jambo jingine linalowakera wazee wetu wa Kwale, nalo linataka maelezo. Skauti duniani kote husalimiana kwa mkono wa kushoto. Kwetu sisi mkono huo una kazi zake, na salamu si mojawapo. Nimemwona mtoto wa sare safi kabisa akimnyoshea bibi kizee mkono wa kushoto, na bibi akaurudisha wake ndani ya leso kimya. Mtoto alifundishwa nusu. Salamu ile ni ya skauti kwa skauti. Mbele ya mkubwa ni shikamoo, na mkono wa kulia, na ikiwa ni desturi ya nyumba, aubusu mkono wa mzee wake. Walimu wa skauti wa pwani wayafundishe haya siku ile ile wafundishayo kufunga skafu.

Kwa upande wa wasichana, wako wazazi wanaodhani kwamba sare na stara haviendi pamoja. Indonesia, nchi ya Waislamu wengi, ina chama cha skauti kiitwacho Pramuka, kilichoasisiwa 1961, kikubwa kuliko vyote duniani kwa idadi ya wanachama. Wasichana wengi huko huvaa mtandio wa hudhurungi unaolingana na sare yao, na kazi za kambini wanazifanya.

Tarehe 20 Oktoba 2024 sherehe za taifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika Kwale, na siku kama ile hakuna asiyepiga pasi. Mimi siku za gwaride sizihesabu sana. Huitazama Jumanne ya kawaida, mtoto akitoka mkutanoni, jua kali, hakuna kamera wala mheshimiwa. Na kabla ya mtoto humtazama kiongozi wake. Mkubwa ajaye kwa kandambili na shati lililotoka nje ya suruali hana haki ya kukagua kucha za mtu.

Najua sare ina gharama, na nyumba nyingi za Gazi na Msambweni hula kwa kilichovuliwa leo. Kwa maoni yangu, heri mtoto avae sare ya shule iliyofuliwa, na skafu juu yake, kuliko mzazi kuingia deni kwa ajili ya mkanda. Kiongozi mmoja nimjuaye amepata njia. Anayo sanduku la mbao, na kila mtoto sare ikimbana huirudisha humo imefuliwa, apewe mdogo wake wa kikosi. Shati moja alilonionyesha limekwisha kuvaliwa na watoto wanne, kola imepauka, na vifungo vyote vipo.