MGB: Uzuri Juu, Kutu Chini

Mtu akipitiwa na MGB nyekundu, turubai lake limekunjwa nyuma na magurudumu yake ya spoki yakimeta, ni taabu asigeuze shingo. Ni gari dogo la watu wawili, limelala chini chini kama paka anayenyemelea. Lakini fundi aliyepata kulifungua gari la namna hii hana haja na rangi. Yeye hupiga magoti, akaingiza mkono chini ya mlango, akagonga na kusikiliza. Bati zima hulia. Bati lililoliwa na kutu, kisha likazibwa kwa filla, halilii, hugugumia tu.

Huko Uingereza wako watu wengi, walimu, makarani, wazee waliostaafu, ambao kazi yao ya jioni na ya Jumamosi ni kufufua magari haya katika gereji nyembamba za majumbani mwao. Msomaji atauliza: kwa nini mtu ajitese hivyo, na hali mafundi wapo? Jibu la kwanza ni fedha. Kazi ya bati hulipwa kwa saa, na MGB iliyooza hula saa nyingi mno. Aghalabu malipo ya fundi huipita bei ya gari lenyewe likisha kutengenezwa. Jibu la pili, nalo ndilo nitakalo kulizungumza, ni kwamba anayetengeneza kwa mkono wake hujua kilichomo ndani.

MG ilipata jina lake kutokana na Morris Garages, biashara ya William Morris mjini Oxford. Kiwanda chake kilikuwa Abingdon, mji mdogo usio mbali na hapo. MGB ilitolewa mwaka 1962, na ya mwisho ikatoka mwezi wa Oktoba 1980, kiwanda kikafungwa. Katika miaka hiyo 18 yalitengenezwa magari zaidi ya 500,000, pamoja na yale yenye paa la bati yaitwayo GT, na mengi yalipelekwa Marekani. Injini yake, ya sentimita za ujazo 1,798 na kabureta mbili za SU, haikuwa kitu cha ajabu. Ni ndugu ya injini zilizokuwa zikitiwa katika magari ya kawaida, ya kwendea kazini na sokoni. Na hiyo ndiyo baraka yake: mwenye seti ya spana, kitabu cha mwongozo na subira anaweza kuifungua yote juu ya meza.

Basi taabu iko wapi? Iko katika bodi. MGA, gari lililotangulia, ilikuwa na chesesi, yaani fremu nzito ya chuma, na bodi ikaketishwa juu yake. MGB haina. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa kuwa lile gari la wazi halina paa la kulisaidia, nguvu yake kubwa imo katika mihimili miwili ya bati ipitayo chini ya milango, mmoja kila upande. Mhimili huo ukiutazama kwa nje utadhani ni bati moja lililopakwa rangi. Ukiukata utaona ni mabati kadhaa yaliyoungwa: la nje, la ndani, jingine limesimama katikati kama kiambaza, na chini yake boksi jembamba linalofunga yote pamoja. Matope yanayorushwa na magurudumu ya mbele hupenya nyuma ya madigadi, yakatua hapo, yakanywa maji, yakakaa.

Na maji ya barabara za Uingereza wakati wa baridi yana chumvi, kwani humwagwa makusudi ili barafu isigande. Sisi tuliozaliwa kando ya bahari hatuhitaji darasa juu ya jambo hili. Tunajua bawaba ya dirisha linalotazama bahari huwaje baada ya kusi moja. Chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu. Chumvi huiharakisha kazi hiyo, na ndani ya mhimili asiouona mtu hapana wa kuisimamisha. Ndiyo sababu magari mengi yaliyokwisha kuuzwa California yalinunuliwa tena na Waingereza na kurudishwa kwao. Usukani u upande wa kushoto na viti vimepasuka kwa jua, lakini bati ni kavu, na kiti hushonwa upya kwa urahisi kuliko mhimili.

Wenye uzoefu wa kazi hii hawachoki kuonya juu ya kosa moja. Mtu hulipandisha gari juu ya jeki, akaukata mhimili uliooza mwanzo hadi mwisho, akachomelea mpya, akajipongeza. Akiliteremsha, mlango haufungi. Bodi ilikuwa imelegea katikati wakati mhimili haupo, naye ameufungia upogo huo ndani kwa moto. Njia iliyo sawa ni kulikalisha gari juu ya stendi imara zilizo sawasawa. Kukaza nondo baina ya nguzo za mlango kabla ya kukata. Kupima nafasi za mlango na kuziandika. Kufanya upande mmoja ukaisha ndipo uende wa pili. Na kuujaribu mlango tena na tena kabla ya kuchomelea kwa mara ya mwisho. Ni kazi ya siku nyingi, na ikisha kwisha hupakwa rangi ikafichika. Hapana mgeni atakayeisifu.

Tena si mchezo wa watoto. Tangi la petroli liko nyuma, chini ya sakafu ya buti, na sharti liondolewe kabla ya kuwasha moto karibu nalo. Baadhi ya rangi za kisasa, zile zinazochanganywa na dawa ya kugandisha, zina sumu iitwayo aisosayaneti, ambayo kitambaa cha puani hakiizuii hata kidogo. Hutaka barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Wengi wenye akili hufanya kazi ya bati na msasa nyumbani, kisha wakampelekea mpaka rangi mwenye chumba chake.

Mambo ya injini nitayapita upesi. Petroli yenye risasi iliondolewa Uingereza mwanzoni mwa mwaka 2000, basi anayefungua silinda hedi humwambia fundi wa mashine atie viti vigumu vya valvu. Petroli yenye asilimia 10 ya spiriti, iliyoanza kuwa ya kawaida huko mwaka 2021, hula mipira ya zamani, kwa hiyo mipira hiyo hubadilishwa yote. Umeme nao una kituko chake: mpaka mwaka 1967 waya chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha desturi ya leo. Aliyetia redio bila ya kulijua hilo alipata moshi kabla ya muziki.

Sasa nije kwenye ubishi. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutoa bodi mpya kabisa za MGB, zilizopigwa kwa kalibu za asili, miaka 8 baada ya Abingdon kufungwa. Mtu ambaye gari lake limeoza lisitengenezeke huweza kununua bodi hiyo, akahamishia injini, ekseli, usukani na viti. Je, hilo ni gari lile lile? Mafundi wetu wa majahazi wangelifahamu swali hili mara moja. Jahazi likipandishwa ufukoni hubadilishwa mbao mbili mwaka huu, mataruma matatu mwaka ujao, likakalafatiwa na kurudi baharini, na mwenyewe hatakubali kuambiwa kwamba si lile alilorithi kwa babake. Lakini mbao zote na mkuku vikibadilishwa kwa siku moja, baraza nzima itakuwa na la kusema. Sheria ya usajili ya Uingereza imelipokea jambo hili kwa wepesi: bodi mpya ya namna ile ile, yenye stakabadhi, haliondolei gari namba yake, mradi sehemu nyingine kubwa ni za gari lile.

Mimi kwa upande wangu sioni ubaya wa bodi mpya ikiwa imesemwa. Ninaouona ubaya ni mhimili mkongwe uliojazwa filla, magazeti na rangi nzuri, kisha ukaitwa wa asili. Tangu tarehe 20 Mei 2018, magari mengi ya Uingereza yaliyopita umri wa miaka 40 hayalazimiki tena kupelekwa kukaguliwa kila mwaka, isipokuwa yaliyobadilishwa sana. MGB za mwisho zilitimiza umri huo mwaka 2020. Mwenyewe bado anadaiwa na sheria kwamba gari liwe salama, lakini hapana mkaguzi wa lazima atakayeingia chini na nyundo. Mihimili ikiwa imeoza, gari huonekana zima hadi siku litakapogongwa ubavuni, na siku hiyo huenda aliye ndani si yule aliyeificha kutu, bali ni aliyemwuzia, au mtoto wa aliyemwuzia.

Wasomaji wengi walisikia tangu chuoni habari ya muuza nafaka aliyeweka kavu juu na iliyolowa mvua chini, na Mtume (S.A.W.) akatia mkono wake ndani ya lundo. Muuza gari wa namna hii ni nduguye yule, ila lundo lake limepigwa rangi na mkono haupiti.

Kwa ajili hiyo waliozoea kazi hii hupiga picha tangu siku ya kwanza, nati na bolti zikitiwa katika vifuko vyenye majina, na picha zikapangwa katika albamu inayokwenda pamoja na gari likiuzwa. Albamu nzuri ina picha mbaya: tundu linalopita ngumi, kiambaza kilichobaki kama kamba, mstari wa kwanza wa kuchomelea uliopinda kama nyoka kabla ya kusagwa na kurudiwa. Mnunuzi akiletewa albamu yenye picha za rangi inayong'aa peke yake, huirudisha mezani na kuomba tochi.