Kisu cha Porini: Kinunue kwa Moto Wake, Si kwa Mng'aro

Wakulima wanaohamia vibandani msimu wa korosho, vijana wa skauti na wapima ardhi wanaolala porini huuliza swali lilelile: ninunue kisu gani cha wastani, kisichokunjwa, kitakachonitosha kwa kazi zote za kambini? Wengi wameshajijibu kabla ya kuuliza. Wanataka kisu kinene, kirefu na kinachong'aa. Sifa hizo tatu ndizo zinazouza kisu, lakini hazisemi mengi kuhusu ubora wake. Ubora umo katika moto kilioupitia na namna makali yake yalivyochongwa. Anayejua kuyachunguza hayo mawili atapata kisu kizuri kwa mhunzi wa Newala au Masasi, kusini mwa Tanzania, tena kwa bei nafuu, na hatababaishwa na maandishi ya kwenye boksi.

Kazi ndiyo inayochagua urefu

Masasi imekaa chini, katikati ya milima ya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, inatazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Udongo wa uwandani ni wa kichanga, maji hunywea chini upesi, na palipoachwa bila kulimwa huota vichaka vizito. Karl Weule, mtafiti Mjerumani wa mila na ufundi wa watu, alizunguka Masasi na Newala mwaka 1906, na vichaka hivyo vimo katika maandishi yake. Dawa ya vichaka ni panga na shoka, na hakuna anayekwenda shamba huku bila panga.

Hapo ndipo hesabu ya kisu inapoanzia. Kama panga lipo, kisu hakina haja ya kufyeka. Kazi zake ni kumenya muhogo, kuchonga vigingi vya hema, kukata kamba, kupasua mwanzi mwembamba, kuchinja kuku na kumchuna mnyama, na kuchanja vijiti vya kuwashia moto. Zote hizo humalizwa na bapa la sentimita 10 hadi 13. Kisu cha Mora cha Sweden aina ya Companion, ambacho wapenzi wa kambi wa nchi nyingi hukitumia kama kipimo cha kulinganishia vingine, kina bapa la sentimita 10.4 na unene wa milimita 2.5 tu. Kisu cha Ka-Bar, kilichoanza kutumiwa na wanamaji wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kina karibu sentimita 18. Kilikusudiwa askari, kiwe silaha na chombo cha kazi kwa pamoja. Mkulima mwenye panga begani akikichukua hicho atakuwa amebeba panga la pili lisilofyeka vizuri, na kisu kisichomenya vizuri.

Unene nao una mpaka wake. Chukua muhogo mbichi uukate vipande kwa kisu chenye mgongo wa milimita 5. Makali yakishaingia kidogo, mgongo unausukuma muhogo pande mbili na kuupasua kabla hujafika chini, na kipande kinaruka. Kisu cha milimita 3 kinapita moja kwa moja. Kwa kazi za kambini, milimita 3 zinatosha. Milimita 4 ni kwa mtu anayekusudia kukigonga kisu mgongoni kwa gogo ili apasue kuni.

Ugumu na ushupavu

Chuma cha kisu hutakiwa kuwa na sifa mbili zinazovutana. Ya kwanza ni ugumu, yaani makali yasibonyee wala kulika upesi. Ya pili ni ushupavu, yaani bapa lisivunjike likigongwa au likipindwa. Ukizidisha ugumu, kisu hukatika kama kigae. Ukizidisha ushupavu, makali hulala mara tu yanapogusa mfupa.

Kinachokifanya chuma kiweze kuwa kigumu ni kaboni. Nondo ya kujengea ina kaboni kidogo, kwa hiyo kisu cha nondo hakitashika makali hata kikichomwa mara ngapi. Tupa ina kaboni zaidi ya asilimia 1, ni ngumu sana, na hukatika ikianguka sakafuni. Springi za gari ziko katikati: nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6, na baadhi zimeongezwa kromi kidogo. Hiki ni chuma kizuri mno kwa kisu cha porini, na kipo gereji yoyote kuanzia Mtwara mpaka Tunduru.

Lakini springi ikiwa ndani ya gari haijawa kisu. Kiwandani huachwa laini kiasi ili ipinde na kurudi: katika kipimo cha ugumu cha Rockwell huwa kwenye arobaini na kitu, wakati kisu kizuri huwa karibu 56 hadi 58. Anayekata springi kwa grenda, akaichonga na kuitia mpini, atakuuzia kisu kisichovunjika lakini kinachotaka kunolewa kila jioni. Na grenda ikilipasha moto bapa kupita kiasi kwenye makali, hata ule ugumu mdogo huweza kuondoka.

Moto wa kwanza na moto wa pili

Mhunzi mmoja wa Newala niliyemtazama akifanya kazi alikuwa na sumaku ya spika mbovu, imefungwa kwenye waya. Alilipasha bapa kwenye mkaa huku kijana akivukuta taratibu, likawa jekundu, kisha jekundu lenye kuelekea rangi ya chungwa. Kila mara alilitoa na kuligusisha sumaku. Mwanzo sumaku ilinasa. Ilipoacha kunasa, alilirudisha motoni kidogo tu, kisha akalizamisha ncha mbele, wima, ndani ya kopo la oili chafu iliyopashwa vuguvugu. Moshi ulipanda, na mkono wake haukuyumba.

Kila tendo hapo lina sababu. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kikifika karibu nyuzi 770 za Selsiasi, nacho huwa tayari kwa kuzamishwa kikipita hapo kidogo. Oili hupoza polepole kuliko maji. Chuma cha springi kikitupwa kwenye maji baridi kinaweza kupata ufa usioonekana, ukajitokeza siku kisu kinapoanguka. Bapa likizamishwa kwa ubavu, upande mmoja hupoa kabla ya mwingine nalo hupinda.

Baada ya oili, bapa ni gumu kupita kiasi. Ndipo linapohitaji moto wa pili, ule mdogo, ambao mafundi wengi wenye haraka huuruka. Fundi hulisugua bapa kwa msasa mpaka ling'ae, kisha hulipasha taratibu upande wa mgongo akitazama rangi inayotembea juu ya chuma. Kwanza huja manjano ya majani makavu, karibu nyuzi 220, halafu kahawia, halafu zambarau, na mwisho bluu, karibu nyuzi 300. Kwa kisu, makali yaachwe kwenye manjano inayoelekea kahawia. Bluu iishie mgongoni, maana huko ndiko ushupavu unakotakiwa. Mwenye oveni aliweke bapa kwenye nyuzi 200 kwa saa moja au mbili.

Mnunuzi hakuwapo moto ulipowaka, lakini anaweza kupima. Pitisha tupa nzuri taratibu karibu na makali. Ikizama na kuchota chuma kwa urahisi, kisu ni laini. Ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, huenda moto wa pili haukufanyika. Ikikwaruza kwa shida, hapo ndipo pazuri. Kisha laza makali juu ya msumari mnene na ukandamize kidogo. Makali mazuri hupinda kiduchu na kurudi. Yakibaki yamepinda ni laini, na yakimeguka yamezidi ugumu.

Visu vitatu vinavyopatikana huku

Cha kwanza ni kisu cha mhunzi cha springi. Kikipitia mioto yote miwili, kinavishinda vingine kwa kazi za porini, kinanolewa kwa jiwe lolote, na fundi wake yupo karibu. Udhaifu wake ni kutu.

Cha pili ni kisu kinachochongwa kutokana na panga lililochakaa, mathalani la kiwanda cha Zana za Kilimo Ubungo, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Chuma cha panga hulainishwa kwa makusudi ili mkulima alinoe kwa tupa shambani. Kisu chake ni chembamba, kitamu sana kwa muhogo, embe na nyama, lakini hakifai kupasulia kuni, na hunolewa mara nyingi.

Cha tatu ni kisu cha kiwandani cha chuma kisichoshika kutu. Kinga yake ni kromi, ambayo lazima ifike angalau asilimia 10.5. Vipo vizuri, hasa vya viwanda vinavyotaja aina ya chuma chao. Vile vya bei ya chini visivyotaja chochote mara nyingi ni laini, vina mng'aro wa kioo na mpini wa plastiki wenye mkia mfupi wa bapa ndani. Mtu anayeshughulika na samaki Ruvuma, au asiyependa kupaka mafuta, kisu kizuri cha aina hii kitamfaa.

Mpini na mkia

Kisu hufia mpinini. Mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini ufike angalau robo tatu ya urefu wake, au upite mpaka mwisho ukiwa mpana kama mpini wenyewe na kushikwa kwa ribiti. Mkia mwembamba uliochomekwa kwa moto unafaa kwa jikoni, mradi kuna pete ya chuma shingoni kuzuia mti usipasuke. Kwa mti, mabaki ya mpingo kutoka kwa wachonga vinyago ni hazina: ni mzito hata huzama majini, na jasho haliulainishi. Usiung'arishe mno, utateleza. Urefu wa sentimita 11 au 12 huutosha mkono wa mtu mzima.

Kukitunza uwandani

Adui mkubwa wa makali huku ni mchanga. Muhogo uliotoka kung'olewa umebeba punje zinazokwaruza makali, kwa hiyo upanguse au uuoshe kabla ya kuumenya. Maji ya mabibo huacha weusi kwenye chuma cha springi. Weusi huo hauna madhara na huweza hata kukikinga kisu kidogo. Kutu nyekundu ndiyo ya kusugua mara moja. Masika, kisu kisilale ndani ya ala ya ngozi iliyolowa. Kifute, kipake mafuta ya kula, kikae nje ya ala.

Kunoa hakuhitaji mashine wala maji mengi. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 3, inua mgongo karibu sentimita 1 kutoka kwenye kinoo: hapo umepata kama nyuzi 20, pembe inayofaa muhogo na mti pia. Jiwe la milima ya Masasi lina punje kubwa, lianze kazi. Jiwe laini la mtoni limalize, na mkanda wa ngozi uondoe mikwaruzo ya mwisho.

Nikitakiwa kuchagua kimoja kwa mtu wa Masasi au Newala, nachagua cha mhunzi: springi, bapa la sentimita 12, mgongo wa milimita 3, mkia mpaka mwisho. Mpelekee fundi vipimo hivyo, na umwambie wazi kwamba unataka moto wa pili na uko tayari kuulipia. Wahunzi wetu hawauruki kwa kutojua. Wanauruka kwa sababu mteja hulipa bei ileile bila kuuliza, huku akihesabu dakika. Wateja wakianza kuuliza, visu vitakavyofuliwa Newala havitakuwa na sababu ya kuvionea haya vya Sweden.