Unailalamikia Kila Siku, Mbona Huiachi?

Jamani, kuna jioni moja shoga yangu nusura airushe kompyuta barabarani. Sitanii. Ana steshenari yake hapa Ukonga, upande wa Mombasa (kwa wageni wa jiji, Mombasa hii ni kituo chetu cha daladala, siyo ile ya Kenya). Nilikuwa nimepita kuprinti kurasa tatu tu. Mbele yangu walikuwepo kijana na barua yake ya kuomba kazi, mwanafunzi na ripoti yake ya fildi, na mama mmoja wa kamati ya harusi. Saa hiyo hiyo mashine ikaamua kujiapdeti. Asilimia 27. Dakika kumi baadaye, asilimia 30. Kwenye kioo imeandikwa usizime.

"Shoga, hii kitu itaniua na presha," akasema huku anajipepea na bahasha. "Jana imeganda mara nne. Juzi imenilia kazi ya mteja. Kila siku inanizingua!"

Nikamwuliza, tena kwa nia njema kabisa, "Sasa si uuache huo mfumo? Mbona mingine ipo, na ni ya bure?"

Akanitazama kama ninavyowatazama wanaoniuliza nitaolewa lini. "Niuache niende wapi?"

Mpenzi msomaji, kazi hii ya uhariri imenifanya nisome malalamiko mengi sana. Mwanamke anaandika kurasa nne kuhusu mwenzi wake, halafu mwishoni anauliza amnunulie zawadi gani ya siku ya kuzaliwa. Zamani nilikuwa nacheka. Siku ile pale steshenari sikucheka, maana nilijua kwamba hata mimi laptopu yangu naisema kila asubuhi na kila asubuhi naiwasha.

Tuelewane kwanza. Ninaposema mfumo, namaanisha mfumo endeshi, ile programu kubwa inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta na kuzisimamia nyingine zote. Ndiyo hiyo watu wanailaani. Na ndiyo hiyo hawaiachi.

Siku nilipojifanya mjuaji

Swali lake la "niende wapi" mimi nililichukulia kama uoga. Nikajipa kazi ya kumwokoa. Hiyo ilikuwa 2023. Jumamosi moja nikaenda na flashi yenye mfumo mwingine, wa bure, nikauweka kwenye mojawapo ya mashine zake mbili. Siku ya kwanza ilikuwa raha. Mashine inawaka upesi, haigandi, na vairasi wa kwenye flashi za wateja hawaisumbui. Nikatembea kifua mbele mtaa mzima.

Jumanne akaja yule mama wa kamati. Kadi zake za mwaliko, 150, zilikuwa zimetengenezwa sehemu nyingine, ameleta kwenye flashi. Ilipofunguliwa, zile herufi za mapambo alizozipenda hazikuwemo kwenye mashine, zikawekwa nyingine. Mistari ikasogea. Jina la bwana harusi likashuka mpaka kwenye mstari wa ukumbi. Ukiisoma kadi unadhani tunaalikwa kwenye ukumbi unaooa.

Mama hakuuliza habari za mifumo. Alisema maneno matatu tu, "Kompyuta yako mbovu," akachukua flashi yake, akapanda daladala kwenda Banana. Alhamisi ripoti ya mwanafunzi ikaongezeka kurasa tano, na kesho yake asubuhi ilitakiwa chuoni. Ijumaa mashine ya kuskani ikagoma. Fundi alipoitwa aliikodolea macho, kisha akasema, "Dada, hii siijui. Nikupigie Windows?"

Akapigiwa. Shoga yangu hakunisemesha wiki nzima, na haki alikuwa nayo. Kosa lilikuwa langu. Nilibadilisha mfumo bila kuweka herufi zinazohitajika, bila kujaribu mashine ya kuskani, na bila kumwuliza hata mara moja kazi zake zinatoka wapi na zinakwenda wapi.

Siyo Ukonga tu

Baada ya aibu ile nikaanza kufuatilia. Kumbe siko peke yangu.

Windows Vista ilipoingia madukani Januari 2007, dunia nzima ilipiga kelele kwamba ni nzito. Watu walifanyaje? Wengi waling'ang'ania Windows XP ya 2001, ambayo nayo walikuwa wakiilalamikia jana yake. XP ilikaa mpaka Microsoft walipoacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Windows 8 ya 2012 iliondoa kile kitufe cha kuanzia kule chini kushoto, ikawa kasheshe, na 2013 kitufe kikarudishwa. Watu walinuna, lakini wengi hawakuhama nyumba.

Hapa kwetu tuliwahi kuletewa njia nyingine, tena kwa lugha yetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi za bure zenye menyu za Kiswahili. Huo haukuwa mfumo endeshi, lakini ndiyo kazi yote ya steshenari, barua na majedwali. Miaka hiyo hiyo Microsoft nao wakatoa Kiswahili cha Windows na Office. Ungedhani sasa mambo yamekwisha. Lakini mimi sijawahi kuingia steshenari hata moja ya huku kwetu nikakuta menyu ya Kiswahili. Mwalimu wa kozi ya kompyuta alifundisha kwa menyu za Kiingereza, fundi anazijua hizo, na mtu ameshakariri kitufe kilipo hata kama neno halielewi. Kama lugha ya mama haikutosha kumhamisha mtu, basi ujue kinachomshika si kidogo.

Mwaka huo huo wa 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, mfumo wa bure kabisa, jina lenyewe maana yake utu. Kwa miaka kadhaa walikuwa wanakutumia sidii bure mpaka nyumbani. Bure, wa Afrika, na hauvamiwi ovyo na vairasi. Bado steshenari nyingi hazikuugusa.

Na usidhani ni umaskini au ushamba. Jiji la Munich kule Ujerumani, lenye fedha na wataalamu, liliamua 2003 kuhamisha kompyuta zake kutoka Windows kwenda Linux. Likahama kweli, maelfu ya mashine. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Moja ya malalamiko yaliyosikika sana ni nyaraka za watu wa nje kutofunguka vizuri. Unaona? Ni kadi ya harusi ile ile.

Hatushikwi na mashine

Basi nikaelewa. Shoga yangu hakuupenda ule mfumo hata siku moja. Kilichomshika ni watu walioko pembeni yake. Mteja anayekuja na flashi iliyotengenezwa kwingine. Fundi wa mtaani anayejua mfumo mmoja. Mwajiri anayeandika kwenye tangazo la kazi kwamba anataka mtu anayejua Word na Excel. Vidole vyenyewe vilivyozoea. Ukimwambia mtu aache mfumo, unamwambia agombane na hao wote kwa siku moja.

Halafu kuna suala la bei. Sisi tunaohubiri habari za bure tunasahau kwamba wengi hapa mtaani hawakuwahi kuununua huo unaouzwa. Fundi anakuja na flashi yake, anapiga Windows, unampa chake, kwisha. Kwa mwenye duka, mfumo wa kulipia na mfumo wa bure vyote bei yake ni ile ile ya fundi. Sasa bure yako inamvutia nani?

Kero nazo zinatofautiana. Kero ya dakika kumi kila siku unaizoea, kama tunavyoizoea foleni ya barabara ya Nyerere. Kero ya siku nne mfululizo inakufungia duka. Kwa hiyo mtu anachagua kuumwa kidogo kidogo kila siku, na wala huyo si mjinga, anajua kodi ya fremu inalipwa lini.

Ndiyo maana siku hizi nikiletewa malalamiko siulizi tena "mbona humwachi?" Nauliza "ni nani na nini vimekushika?" Jibu linakuwa refu zaidi na la kweli zaidi. Lakini naomba nisieleweke vibaya. Mashine inayoganda si sawa na mtu anayekupiga. Kwa anayekupiga, tafuta usalama wako kwanza, mengine yatafuata.

Safari hii aliniita mwenyewe

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, wakatoa nyongeza ya mpaka Oktoba 2026 kwa mtu binafsi anayejiandikisha. Windows 11 nayo haikubali mashine yoyote tu, inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta za shoga yangu ni za mtumba, hazimo.

Mfumo usiohudumiwa haufi. Unaendelea kuwaka kama kawaida, ila matundu mapya yakigundulika hakuna wa kuyaziba. Na steshenari si mahali pa mchezo. Pale vinapita vitambulisho vya taifa, vyeti vya watu, namba za akaunti. Hilo ndilo lililomwamsha, siyo hotuba zangu.

Akanipigia simu. "Ile flashi yako bado unayo?"

Tulikaa Jumapili baada ya kufunga duka, na safari hii fundi alikuwepo. Kabla ya kubadilisha chochote tulifungua kadi za zamani, ripoti na barua, tukaprinti, tukaskani. Herufi zilizokosekana tukazitafuta kwanza. Kisha tukahamisha mashine moja tu, ile ya intaneti na kuskani. Ile nyingine imebaki na mfumo wake wa zamani, tumeitoa kwenye intaneti, kazi yake ni kuprinti zile nyaraka zinazokataa kukaa sawa kwingine. Flashi ya mteja inachunguliwa kwanza upande mpya. Fundi naye ameondoka na kopi ya flashi, anasema atajifunzia nyumbani.

Wiki iliyopita nilipita tena. Yule mama wa kamati alikuwepo, amerudi na kadi za sendofu. Zilitoka safi, majina yote mahali pake, na wala hakujua kama kuna kilichobadilika.

Shoga yangu je? Bado analalamika. Tofauti ni kwamba sasa analalamikia mifumo miwili.