Kuutambua Umri wa Cherehani ya Ukoo

Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki imo cherehani kuukuu ambayo umri wake hujulikana kwa masimulizi tu. Mmoja husema ililetwa enzi za Wajerumani. Mwingine hushikilia kwamba bibi aliipata siku ya arusi yake. Risiti imekwisha liwa na mchwa, na walioshuhudia wamekwisha fariki. Hata hivyo chuma chenyewe kina maandishi yake, na mwenye kujua kuyasoma anaweza kuyapima masimulizi hayo kwa ushahidi.

Elias Howe wa Marekani alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, mwaka 1846. Mwenzake Isaac Singer alipata yake mwaka 1851, na kampuni yenye jina lake ikaja kuuza cherehani duniani kote. Kiwanda chake kikubwa cha Clydebank, Uskoti, kilifunguliwa miaka ya 1880 na kufungwa 1980. Kwa kuwa Singer ni miongoni mwa cherehani kuukuu zinazopatikana kwa wingi, ndiyo itakayotumiwa hapa kuwa kielelezo.

NAMBA NA MAANA YAKE

Jambo la kwanza ni kuitafuta namba. Kwa kawaida imegongwa juu ya kitako cha cherehani, upande wa kulia, chini ya nguzo iliyo karibu na gurudumu la mkono. Namba zilizojitokeza kwenye chuma upande wa chini ni za kalibu la kusubia; hizo hazionyeshi umri. Uchafu uondolewe kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya cherehani. Msasa hukwangua nakshi, na spiriti huyeyusha vanishi.

Namba ndefu isiyo na herufi kwa kawaida ni ya kabla ya 1900. Kuanzia mwaka huo ilitanguliwa na herufi moja, na tangu katikati ya miaka ya 1930 herufi mbili zikaanza kutumika. Jozi zinazoanza na E, kama vile EA au EF, zilikuwa za Clydebank. Orodha za namba hizi zimekwisha chapishwa, na mwanafunzi anaweza kuzilinganisha na namba aliyoinakili.

Lakini tahadhari inahitajika. Kiwanda kilitenga namba kwa mafungu, na tarehe iliyoandikwa ni ile ya kutengwa kwa fungu. Cherehani yenyewe huenda ilikamilika baadaye, ikasafiri kwa meli, ikakaa dukani, kisha ikauzwa. Kwa hiyo namba huonyesha wakati ambao kabla yake cherehani haikuweza kuwapo. Haionyeshi siku iliyoingia nyumbani.

USHAHIDI WA SEHEMU NYINGINE

Hatua ya pili ni kufungua kibati kilicho chini ya sindano. Katika aina za zamani uzi wa chini hubebwa na chombo chembamba chenye umbo la mtumbwi, kinachokwenda mbele na nyuma. Katika nyingine bobini ni ya mviringo. Tofauti hii husaidia kutambua aina, lakini haitoshi kutaja mwaka, kwa sababu mitindo hiyo miwili ilitengenezwa sambamba kwa miaka mingi. Umbo la nje pia hudanganya: Singer aina ya 15 iliigwa na viwanda vingi vya nchi nyingine, hasa Japani baada ya 1945.

Tarehe za hataza zilizochongwa kwenye vibati nazo husomwa kwa uangalifu. Kibati chenye tarehe ya 1890 hakiwezi kuwa kilitengenezwa kabla ya hapo, lakini kinaweza kuwa kilitengenezwa miaka mingi baadaye. Beji ya shaba yenye ukingo wa buluu na miaka 1851 na 1951 ni shahidi bora zaidi, kwani iliadhimisha miaka mia ya kampuni.

MASIMULIZI YAKIPINGANA NA CHUMA

Tuseme ukoo fulani unasimulia kwamba cherehani yao ni ya enzi za Wajerumani, na namba yake inaanza na EA. Utawala wa Wajerumani katika Tanganyika ulikoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyokwisha 1918, na herufi hizo hazikutumika kabla ya miaka ya 1930. Je, wazee walisema uongo? Si lazima. Kichwa cha cherehani hufunguliwa na kuwekwa juu ya meza nyingine. Yawezekana meza na kanyagio ni vya zamani, na kichwa kilibadilishwa cha kwanza kilipochakaa. Basi kila sehemu ipimwe peke yake kabla ya kumsahihisha mzee.

Kupima kwa namna hii kuna faida kubwa kuliko kujua mwaka. Mwezi wa Aprili 2009 Saudi Arabia ilikumbwa na uvumi kwamba cherehani kuukuu za Singer zina “zebaki nyekundu” yenye thamani kubwa. Bei za hadi riyali 200,000 zilitajwa, na watu walijaribu kuitambua zebaki hiyo kwa kusogeza simu ya mkononi karibu na sindano. Haijathibitishwa kamwe kwamba dutu ya namna hiyo ipo. Cherehani ni chuma cha kusubu, feleji, shaba na rangi. Aliyeifungua na kuijua kila sehemu yake si rahisi kulaghaiwa.

Walimu wa historia na fizikia wanaweza kulifanya zoezi hili kwa pamoja. Mwanafunzi aandike namba, achore bobini na njia ya uzi, kisha aandike kando masimulizi ya wenye cherehani pamoja na jina la msimulizi na tarehe. Safu hizo mbili zisichanganywe. Chuma hueleza lini na wapi kilitengenezwa. Nani aliyeshona kanzu ya kwanza kwacho, na kwa ajili ya nani, ni wazee peke yao wanaojua, nao hawana budi kuulizwa wangali hai.